Kuisoma Beringi Kabla ya Kuitupa

Gurudumu la mbele la Volkswagen Beetle linabebwa na beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje, na grisi katikati yao. Uzito wote wa pembe ile ya gari, kona, mashimo ya barabarani, breki za ghafla za mjini, vyote vinapitia kwenye rola za chuma ambazo mwenye gari anaweza asizione maisha yake yote. Gari likiwa jipya hakuna anayezifikiria. Likishatimiza miaka hamsini na kitu, limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa na mafundi wasiohesabika, swali linakuja lenyewe: hizi tuzirudishe, au tuweke mpya?

Wengi hudhani hilo ni swali la pesa. Mwenye nazo anabadilisha, asiye nazo anarudisha. Kuna gereji moja maeneo ya Gerezani, Dar es Salaam, ambako hupenda kukaa kwenye benchi nikamtazama mzee mmoja anayeshughulika na magari haya ya zamani, na kila ninavyozidi kumtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake mkubwa umekaa kwenye swali hilo. Kufungua nati anaweza hata kijana aliyeanza kazi juzi. Kupachika beringi mpya kunahitaji mazoezi tu. Kuijua ipi imekwisha na ipi bado ina safari ndefu mbele yake, hapo wanabaki wachache.

Mwenyewe hana haraka. Gari likishapanda jeki, anashika tairi juu na chini kwa viganja viwili, anavuta huku anasukuma. Gurudumu likicheza, mteja aliyesimama pembeni husema papo hapo, "Beringi hizo, mzee." Naye hamjibu. Anamwambia kijana wake aingie ndani akanyage breki, kisha anatikisa tena. Kama mchezo umetoweka, ni kweli, shida iko kwenye beringi, kwa sababu breki ikishikwa viatu vyake huibana dramu, na dramu inakuwa kitu kimoja na bamba la breki lililofungwa kwenye mkono wa gurudumu. Kama mchezo umebaki palepale, beringi hazihusiki. Atazitafuta boljointi, au kama gari ni la kabla ya modeli ya 1966, kingpini na wenzake. Nimeona wateja waliokuja na beringi mpya mkononi wakarudi nazo nyumbani, beringi walizotaka kung'oa zikiwa nzima kabisa.

Na hata mchezo wenyewe una kiasi chake. Beringi za rola zenye umbo la mshazari, kama zilizofungwa kwenye Beetle kuanzia modeli ya 1966, hazitakiwi kukazwa hadi zisitikisike. Kiwanda kilitaka nafasi ya kati ya milimita 0.03 na 0.12 kwenye ekseli. Ni kama unene wa unywele. Nafasi hiyo ipo kwa makusudi: gari likitembea, beringi hupata moto, chuma hutanuka, na rola zisipokuwa na pa kutanukia hujibana zenyewe na kuila grisi yao. Mtu akishika gurudumu akakuta limekaza kabisa, halichezi hata chembe, akafurahi, huyo amefurahia dalili ya ugonjwa. Mzee anaitafuta nafasi ile kwa kidole. Anakiweka kwenye mpaka wa dramu na bamba la nyuma, mkono mwingine unatikisa tairi, na kidole kinamwambia kama mwendo umezidi.

Kisha anasikiliza. Beringi inayoanza kuharibika huvuma, na mvumo wake hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Lakini tairi lililolika vibaya nalo huvuma. Hapo anamuuliza dereva maswali mawili. Kelele inabadilika ukitoka kwenye lami ukaingia kwenye barabara ya changarawe au ya saruji? Ikibadilika, tairi ndilo la kutiliwa shaka. Na ukikata kulia inaongezeka au inapungua? Gari likikata kulia uzito hulala upande wa kushoto, kwa hiyo kelele ikizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo inayolalamika. Mwisho huchukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha kwenye mkono wa gurudumu, mpini ukakaa sikioni, na kijana akazungusha tairi polepole. Beringi nzima hutoa sauti moja laini inayoteleza. Iliyochubuka hutoa mkwaruzo unaorudi kila baada ya mzunguko. Gereji nzima inapiga nyundo na redio inaimba, yeye yuko na mkwaruzo wake.

Upande wa kushoto wa Beetle una mambo mawili ambayo watu wasiolijua gari hili huyagundua kwa maumivu. La kwanza, kebo ya spidomita inapita katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele kushoto, inatokeza kwenye kifuniko cha grisi kupitia tundu la mraba, na inashikiliwa pale na pini ndogo. Kifuniko kikizunguka na gurudumu, kebo inazunguka, na mshale wa spidi unapanda. Akija mtu na patasi akang'oa kifuniko bila kuitoa pini, ameharibu kebo. La pili, nati ya upande ule inafunguka kinyume na nati nyingine. Vijana huikaza badala ya kuifungua, na wakiona haifunguki huongeza bomba refu kwenye spana. Mzee huwa anawahi. "Hapo kushoto ni kinyume, mwanangu," anasema, bila kuinua kichwa.

Dramu ikishatoka, fundi wa haraka angeitumbukiza beringi kwenye mafuta ya taa na kuiosha. Huyu haioshi bado. Anaisoma grisi kwanza, kwa sababu ikishaoshwa habari zake zinakwenda na maji. Huchota kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, akaisugua polepole, akatoka nayo juani. Grisi nyeusi, laini, isiyo na chembe, ni grisi iliyozeeka tu. Iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, na kwa gari la Dar es Salaam linalopita kwenye madimbwi ya masika, hilo si jambo la ajabu. Hapo ataangalia sili kabla ya kitu kingine. Grisi iliyokauka ikawa kama utomvu wa zamani, yenye harufu ya kuungua, ilipata moto. Na ile inayometa juani, yenye vumbi la fedha linalong'aa kwenye mistari ya vidole, imebeba chuma. Chuma hicho kimetoka mahali fulani. Kazi inayofuata ni kupatafuta.

Ndipo beringi huoshwa, mara ya kwanza kwenye mafuta ya taa yaliyokwisha kutumika, mara ya pili kwenye masafi. Kila beringi ina kopo lake: kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje. Hazichanganywi kamwe. Rola zilizotembea miaka yote kwenye kikombe kimoja, yaani pete moja ya nje, zimelingana nacho, na ukizihamishia kikombe kingine umewafunga pamoja wasiojuana. Hukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Upepo wa kompresa ameupiga marufuku kuelekezwa kwenye rola. Vijana hupenda kuizungusha beringi kwa upepo huo ivume kama feni, na beringi kavu isiyo na mafuta hujichubua kwa sekunde chache, au rola ikachomoka na kuruka na kuumiza mtu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni inayofuata. Anakaa kwenye kigoda chake mlangoni, mahali mwanga unapoingia kwa ubavu, na anakianza kikombe. Kikombe ni ile pete ya nje iliyokazwa ndani ya dramu, ambayo rola hutembea juu ya uso wake. Haangalii kwa macho yaliyoelekezwa moja kwa moja. Anaizungusha dramu taratibu na kuilaza huku na huku mpaka mwanga uteleze juu ya chuma, kwa sababu kasoro ndogo haionekani ikimulikwa usoni. Huonekana mwanga ukikatika juu yake. Uso mzima unarudisha mwanga kama kioo chenye ukungu kidogo. Rangi ya kijivu iliyofifia sawasawa kuzunguka pete yote haimsumbui, hiyo ni alama ya kazi ya miaka mingi. Ukanda wa msuguano ukiwa umenyooka, sawa. Ukiwa umepinda, upande mmoja uko juu na wa pili uko chini, kuna kitu hakijakaa sawa: ekseli imepinda, au kikombe kilipigwa kikakaa upande. Hapo kubadilisha beringi peke yake ni kuiahirisha shida.

Baada ya kikombe huja koni, pete ya ndani yenye rola na kizimba chake. Hapa mafundi wengi hukosea, kwa sababu ya jambo moja ambalo yeye hulieleza kwa subira kwa kila kijana anayepita mikononi mwake. Gurudumu la mbele la gari hili halisukumwi na injini. Ekseli yake imesimama, dramu ndiyo inayozunguka. Kwa hiyo kikombe kinazunguka na kulika kote kwa usawa, lakini koni imesimama kwenye ekseli, na uzito wa gari unaibonyeza sehemu ileile ya chini siku zote. Chuma kikianza kuchoka, kitachokea hapo. Na hapo pamefichwa na rola na kizimba. Unaweza kuishika beringi, ukaisifu rola zake zinavyong'aa, huku chini yao pana shimo. Ndiyo maana huzisogeza rola moja moja kwa ncha ya kijiti cha mwanzi, akamulika tochi katikati yao, akachungulia mduara mzima. Kijiti, kamwe si bisibisi.

Waliolisanifu gari walilijua tatizo hilo. Koni haikazwi kwenye ekseli kwa nguvu. Huingia kwa kusukumwa na mkono, na gari likitembea hujivuta kidogo kidogo, ikahama kwa mwendo usioonekana, ili sehemu inayobeba uzito isiwe ileile miaka yote. Kwa hiyo mzee akikuta koni imeganda kwenye ekseli, haitoki ila kwa nguvu, husikitika zaidi kuliko mteja. Na akikuta ekseli imelika kiasi cha koni kupwaya, huo ni msiba mwingine, mkubwa zaidi.

Kipimo chake cha mwisho ni ukucha. Anaupitisha juu ya chuma, polepole. Doa ambalo jicho linaliona lakini ukucha hauligusi, linaweza kuwa rangi tu: grisi ya zamani huacha utando wa kahawia unaotoka kwa kusugua na spiriti. Doa lililokamata ukucha ni shimo, na shimo halina mjadala. Chuma cha beringi kimeimarishwa kwa moto hadi kikawa kigumu sana. Kwa kawaida ni chuma chenye kaboni ya asilimia 1 hivi na kromi asilimia 1.5. Ugumu huo ndio unaokiwezesha kubeba mzigo mkubwa kwenye mstari mwembamba, lakini ganda lake likishabanduka mahali pamoja, kila rola inayopita hapo hugonga ukingo wa shimo na kubandua zaidi. Vipande vilivyobanduka vinaingia kwenye grisi na kuchubua kwingine. Shimo haliponi, na halikai lilivyo.

Kila aina ya jeraha ina asili yake, na yeye huzitaja kama daktari anayesoma cheti. Vibonyeo vidogo vilivyopangana kwa umbali sawa na umbali wa rola: gari liligonga shimo au kingo ya barabara kwa nguvu, au fundi aliyetangulia aliipiga beringi nyundo. Mistari ya kutu yenye mpangilio uleule: gari lilisimama muda mrefu, pengine miaka, maji yakakaa chini ya rola zilizotulia. Hiyo huonekana sana kwenye magari yanayorithiwa, baba amefariki, gari limekaa chini ya mwembe, mtoto amekuja kulifufua. Rangi ya buluu au ya majani makavu isiyotoka kwa spiriti: moto mkali, na chuma kilichofika hapo kimepoteza ugumu wake hata kama uso unateleza. Mikwaruzo kwenye kitako kipana cha rola, pale zinaposugua ukingo wa koni: grisi haikutosha au beringi ilikazwa mno. Na kuna vidoa vidogo vingi vya kijivu, kama vimechorwa kwa ncha ya sindano, ambavyo siku ya kwanza alinionyesha sikuamini chanzo chake. Gari lilichomelewa bodi, mchomeleaji akabana klampu ya athi upande usiostahili, na umeme ukapita kwenye beringi kuitafuta njia ya kurudi. Kila mahali rola ilipogusa pete, cheche ndogo iliyeyusha chuma. Ukiwa na gari la zamani linalopelekwa kuchomelewa sakafu, simama hapo uhakikishe athi imebanwa karibu na mahali panapochomelewa.

Magari haya yana historia kwenye ardhi yetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa ndani ya Volkswagen. Gari la aina hiyo likashinda tena mwaka 1957 na 1962. Injini ya Beetle ya wakati huo haikufika hata cc 1,200, kwa hiyo gari halikuwashinda wenzake kwa nguvu. Liliwashinda kwa kufika. Siku hizo lilikuwa bado linatumia beringi za gololi magurudumu ya mbele. Rola za mshazari zilikuja na modeli ya 1966, zikabeba mizigo ya pembeni, ile ya kwenye kona, vizuri zaidi. Wazo la rola hizo ni la zamani kuliko gari lenyewe. Henry Timken wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1898, akifikiria mabehewa ya farasi. Na miaka 15 kabla yake, 1883, Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alikuwa ametengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma zikatoka zote za duara na za kipimo kimoja. Schweinfurt ukawa mji wa beringi, kiasi kwamba katika Vita Kuu ya Pili ndege za Marekani ziliushambulia kwa mabomu mwezi Agosti na Oktoba 1943, kwa hesabu kwamba bila beringi hakuna kifaru wala ndege. Mzee ana kopo la beringi zenye chapa za zamani, na anapolifungua huwa anapunguza sauti.

Sasa uamuzi wenyewe. Ningetegemea mtu anayezipenda hivyo beringi za zamani azirudishe zote. Hafanyi hivyo. Beringi yenye shimo inatoka, hata kama ilitoka kiwandani na gari, hata kama mteja anamsihi kwamba gari halitembei zaidi ya harusi na Jumapili. Gurudumu likikamata kwenye ekseli barabarani halitauliza ni siku gani. Na ikitoka, inatoka na kikombe chake. Kuna duka litakalokuuzia koni tu, na kuna fundi atakayeipachika koni mpya kwenye kikombe cha zamani kwa sababu kukitoa kikombe kuna jasho. Koni mpya kwenye uso uliolika huharibika mapema, na mteja husema spea za siku hizi mbovu.

Lakini upande wa pili nao anausimamia kwa uthabiti uleule. Beringi nzima, iliyopita macho na ukucha na mwanga, anairudisha hata kama mteja ana pesa na anataka mpya. Mara moja nilimsikia kijana mmoja aliyevaa vizuri akimwambia, "Mzee, wewe weka mpya tu, mimi niwe na amani." Akajibiwa, "Amani utaipata, lakini nionyeshe kwanza hiyo mpya imetoka wapi." Beringi feki ziko sokoni, zina boksi zuri, maandishi ya chapa kubwa, na chuma kisichojulikana ndani. Watengenezaji wakubwa wa beringi duniani wamekuwa wakiendesha kampeni dhidi ya feki hizo kwa miaka. Kwa hiyo kuichomoa beringi nzima ya Kijerumani iliyothibitishwa na barabara kwa miongo, na kuweka isiyojulikana asili yake, kwa macho yake ni kuliteremsha gari daraja. Mpya anainunua kwa namba iliyochongwa kwenye pete, wala haiulizi kwa jina la gari. Namba hizo ni za vipimo vinavyokubalika duniani, na muuzaji mzuri wa beringi za mashine za viwandani anaweza kuwa nayo wakati duka la spea za magari halina. Ikiletwa anaipima, anaangalia maandishi, anaizungusha karibu na sikio, na nyingine huzirudisha dukani.

Kati ya hukumu hizo mbili kuna ya tatu, na hii sijaiona kwa mafundi wengi. Beringi ambayo haina shimo lakini ina dalili, labda kivuli cha kutu kilichosuguliwa kikabaki doa lisiloshika ukucha, huirudisha kwa sharti. Anaandika kwenye daftari namba ya gari, upande, beringi ipi, na kilomita zilizosomeka. Mteja anaambiwa arudi baada ya kilomita elfu moja ifunguliwe tena. Doa likiwa lilelile, linapewa muda mrefu zaidi. Likiwa limekua, hakuna mazungumzo. Wateja wengine hawarudi, nalo linamuuma, huwapigia simu mwenyewe.

Kuipachika mpya nako kuna adabu yake, ingawa nitapita haraka. Kikombe cha zamani kinatolewa kwa fimbo ya shaba njano, laini kuliko chuma, kikigongwa upande huu na upande ule kwa zamu kisije kikakaa mshazari na kuikwaruza dramu. Kipya hulala usiku kucha kwenye friza ya muuza soda wa jirani kikasinyaa kidogo, dramu ikapashwa moto juani au kwenye jiko, na vikikutana kikombe huingia kwa nguvu ndogo. Kikombe cha zamani kilichopigwa msasa kwa nje hutumika kama kisukumio, ili nyundo isiuguse uso mpya. Sikiliza sauti: wakati kikombe bado kinaingia nyundo hutoa mlio wa uwazi, kikifika mwisho sauti hubadilika ghafla ikawa nzito na fupi. Hapo huacha. Akikuta kikombe cha zamani kilikuwa kinazunguka ndani ya dramu, tundu limepanuka, basi beringi mpya haisaidii kitu. Wako wanaopiga vinundu ndani ya tundu kwa panchi ili kikombe kishike. Yeye hukataa kazi hiyo moja kwa moja, anamwambia mteja atafute dramu.

Grisi huipakia kwa kiganja, akiikandamiza ukingo wa koni mpaka grisi itokeze juu kati ya rola. Kifuniko hakijazwi, hasa cha kushoto chenye kebo. Nati hukazwa gurudumu likizungushwa, rola zijipange, kisha hulegezwa mpaka ile washa iliyo nyuma yake isogee kwa kusukumwa kidogo na ncha ya bisibisi, pasipo kuipindulia nguvu. Ndipo nati inafungwa kwa boliti yake ndogo, na kila kitu kinapimwa upya.

Magurudumu ya nyuma yana sheria nyingine kabisa, na hapo huwa mkali. Dramu ya nyuma imevishwa kwenye ekseli kwa meno, na nati moja kubwa ya milimita 36 ndiyo inayoibana. Nati ikilegea, dramu huyumba juu ya meno kila gari linapoondoka na kila linaposimama, na meno ya dramu, ambayo ni laini kuliko ya ekseli, husagika. Meno yaliyosagika hayarudishwi kwa sharti lolote. Dramu inatupwa. Na nati hukazwa kwa nguvu ambayo wengi hawaiamini: kwa Beetle za miaka ya 1960 ni takriban Nm 300. Asiye na spana ya kupimia nguvu anaweza kuihesabu: mtu wa kilo 75 akisimama kwa uzito wake wote kwenye mpini, sentimita 40 kutoka katikati ya nati, anakaribia kipimo hicho. Tundu la pini lisipolingana, nati huongezwa kukazwa hadi tundu linalofuata. Hairudishwi nyuma hata kidogo. Mbele, kukaza mno kunaua beringi. Nyuma, kulegeza kidogo kunaua dramu. Ni gari moja, na mkono ule ule ndio unaotakiwa kujua tofauti hiyo.

Naandika haya nikiwa na ombi kwa watu wawili. Wewe mwenye gari la zamani, beringi zako zikifunguliwa, kaa hapo. Omba uonyeshwe kikombe juani, omba uonyeshwe koni upande wa chini, uliza kila doa limetoka wapi. Fundi akikwambia zote nzima na zinarudi, mlipe kikamilifu kama angekuwa ameweka mpya, kwa sababu umenunua macho yake na saa zake. Tukiwalipa mafundi kwa spea peke yake, watatuuzia spea.

Na ninyi mnaofundisha magari kwenye vyuo vya ufundi, VETA na kwingineko: wanafunzi wenu wanajifunza kupachika beringi mpya, vizuri sana. Nendeni pia kwenye gereji za wazee kama huyu, waombeni beringi mbovu walizozitoa, kila moja na karatasi yake inayosema iliharibiwa na nini. Mzee wangu anazo zimejaa debe zima chini ya benchi, na amesema atakayezitaka kwa ajili ya darasa aje azichukue bure.